Ndege ya mabomu ya Mjerumani, 1915: hawa jamaa wawili katikati ya mabawa wanafanya nini?

SeremalaWaNgongRoad aliandika:

Habari za jioni wakuu. Mimi ni seremala, nina kibanda hapa Ngong Road, kazi yangu ya kila siku ni vitanda, viti na meza za kahawa. Kuna mteja nilimtengenezea kabati la vitabu akaridhika. Juzi akarudi na picha kwenye simu, ya zamani, nyeusi na nyeupe, akauliza kama naweza kumchongea hiyo ndege aiweke juu ya kabati. Nikamwambia mbao ni mbao, lete dipositi. Akaleta.

Alivyonieleza, hiyo ndege inaitwa VGO.I, ni ya mabomu, ilikuwa ya kwanza ya majaribio kabla hawajaunda nyingine. Iliruka mara ya kwanza tarehe 11 Aprili 1915. Mabawa yake ni mawili, moja juu ya jingine, mita 42.2 kutoka ncha hadi ncha, na mwili mita 24. Tumekubaliana kipimo cha moja kwa hamsini. Kwa hiyo mabawa yatakuwa sentimita 84 na kitu, na mwili sentimita 48. Nimeshapata jakaranda ya mwili na saiprasi nyepesi ya mabawa.

Sasa shida iko kwenye picha. Propela moja iko puani, hiyo sawa. Lakini nyingine mbili ziko nyuma ya mabawa, zinatazama mkia. Kati ya mabawa, kushoto na kulia, kuna vibanda viwili vimening'inia kwenye nguzo, na ndani ya kila kibanda naona kichwa cha mtu. Kichwa kabisa, na kofia yake. Kijana anayenisaidia kazi anasema hiyo picha imetengenezwa na kompyuta, hakuna mtu mwenye akili zake angekaa pale huku propela inazunguka nyuma yake. Mteja naye anasema nichonge kama ninavyoona.

Mimi siwezi kuchonga kitu nisichokielewa. Kiti najua mtu atakaa wapi. Hapa sijui hao watu wako pale kwa kazi gani, na kama picha imegeuzwa nitachonga upuzi wa sentimita 84 ambao kila mgeni ataucheka. Kuna mtu anajua hizi ndege?

Kaka_SouthB aliandika:

Hao ni makondakta boss. Mmoja anaita Rongai, mwingine anaita Kikuyu. Propela iko nyuma ili vumbi lisiwaingie abiria.

MstaafuWilson aliandika:

Wewe wa South B umenichekesha, na hujakosea sana. Wale wawili kweli ni watumishi wa safari.

Seremala, picha ni ya kweli na haijageuzwa. Mimi nimekuwa fundi wa ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, tangu nikiwa kijana mwenye nywele nyingi mpaka nilipostaafu, na hizi ndege kubwa za Wajerumani wa vita vya kwanza ndizo ugonjwa wangu. Mama watoto akisikia neno Zeppelin anatoka sebuleni. Kwa hiyo nivumilie, nitaandika ndefu.

Anza na hao watu wawili, maana ukiwaelewa hao umeielewa ndege nzima. Si marubani. Ni mafundi. Kila injini ya pembeni ilikuwa na mekanika wake, amepanda nayo, amekaa nayo kibanda kimoja, anasafiri nayo juu ya mawingu. Kazi yake ni kuangalia joto la maji na shinikizo la oili, kusikiliza mlio ukibadilika, kukaza kinacholegea, kuziba kinachovuja. Baadaye ndege ilipoundwa upya waliongezewa bunduki ya mashine mbele ya kibanda, kwa hiyo fundi akawa pia mpiga risasi. Mshahara sidhani kama uliongezwa.

Kwa nini mtu apande na injini? Kwa sababu ya injini yenyewe. Zilikuwa Maybach HS, tatu, kila moja nguvu za farasi 240, na asili yake ni injini za meli za angani za Zeppelin, yale maputo marefu. Sasa kwenye puto injini ikizima, unaelea. Fundi anashika spana, anafanya kazi taratibu, anaiwasha tena, safari inaendelea. Hayo ndiyo mazoea waliyotoka nayo watu wa Zeppelin. Kwenye ndege injini ikizima, ardhi inaanza kukujia. Wao wakachukua mazoea ya puto wakayapeleka kwenye ndege, na nikifikiria naona hawakuwa wajinga hata kidogo. Injini wanaijua kwamba ni korofi. Nyingine bora haipo. Basi weka fundi pale pale ilipo.

Na usidhani ilikuwa ndege ndogo ya kuchezea. Chukua hesabu hii, maana nimeipigia kwenye karatasi mara nyingi. Ikiwa imejaa, VGO.I ilikuwa na uzito wa kama tani tisa na nusu. Injini zote tatu pamoja zilitoa nguvu za farasi 720. Ukienda Wilson asubuhi utaona Cessna Caravan zikielekea Mara na watalii: injini moja tu, nguvu za farasi 675, na uzito wake wa juu kabisa wa kuruka haufiki tani nne. Yaani injini moja ya Caravan inakaribia zote tatu za yule Mjerumani, na inabeba chini ya nusu ya mzigo wake. Mabawa ya Caravan hayafiki mita 16. Ya VGO.I yanayapita hata ya Boeing 737-800 ambayo ni kama mita 36. Hilo dude lilikuwa linasukumwa angani kwa subira. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 110 kwa saa, ambao vijana wenu wa matatu wanaupita Thika Road bila kuinua mguu.

Najiuliza ingeweza kuruka hapa kwetu? Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Injini ya pistoni isiyopuliziwa hewa inapoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake kwa kimo hicho, kabla hujaongeza jua la saa nane. Toa hapo, unabaki na kama 600. Mimi ningesimama mbali na uzio.

Waliounda ni nani? Hapa kuna hadithi nzuri. Angalia drili yako hapo kibandani. Kama imeandikwa Bosch, basi jina la mmoja wa waliolipia hiyo ndege liko mkononi mwako. Kabla ya vita kulikuwa na rubani maarufu, Hellmuth Hirth, aliyetaka kuvuka Atlantiki kwa ndege kubwa kwenda maonyesho ya dunia ya San Francisco ya mwaka 1915. Robert Bosch alikubali kumsaidia. Vita vikaanza Agosti 1914, safari ya maonyesho ikafa. Mzee Zeppelin mwenyewe, amevuka miaka sabini na tano, alikuwa ameshaona kwamba maputo yake yatapigwa risasi kama ng'ombe aliyelala barabarani, akataka ndege ya kubeba bomu zito kwenda mbali. Akamchukua profesa wa Stuttgart, Alexander Baumann, akapewa watu wa Bosch wakiongozwa na Gustav Klein, wakakodisha jengo kwenye kiwanda cha mabehewa mjini Gotha. Hiyo VGO ni kifupi cha kiwanda chao cha majaribio cha Gotha Mashariki. Miezi michache tu, Hirth akairusha.

Nikupe mfano wa kwa nini mafundi walikuwa wa lazima. Maybach HS zilisumbua tangu mwanzo. Ndege ikapelekwa Friedrichshafen, nyumbani kwa Maybach, injini zirekebishwe, ikakaa huko miezi. Desemba 1915 ikirudi Gotha, kwenye dhoruba ya theluji, injini mbili zikazima. Ya tatu peke yake haiwezi kushikilia tani zile. Wakashuka msituni, ndege ikavunjika vibaya. Wengine wangeichoma kuni. Wao wakaiunda tena, Februari 1916 ikaruka, ikaingia jeshi la majini ikiitwa RML.1, ikapelekwa upande wa mashariki kupigana na Warusi kutoka Alt-Auz, ambayo leo iko Latvia.

Baada ya hapo Wajerumani wakafanya jambo ambalo mimi kama fundi nalipenda kuliko yote. Wakaweka sharti rasmi: ndege ya daraja la R, yaani ndege jitu, lazima injini zake zifikiwe na kuhudumiwa ikiwa angani. Kama fundi hafiki, hiyo si ndege jitu, hata iwe kubwa namna gani. Ukubwa ulipimwa kwa mkono wa fundi. Ndiyo maana mimi huwa nasema wengine walichora ndege wakatafuta pa kuweka injini, hawa walichora fundi ameshika spana, wakajenga mabawa kumzunguka.

Miaka ya tisini nilikuwa napanda ndege za mizigo kwenda Lokichoggio, wakati wa chakula cha msaada cha Sudan. Ndege moja ya pistoni, injini mbili, tumeshapita Baringo, nikaona dirishani mstari mweusi umetoka kwenye kifuniko cha injini ya kulia. Mwanzoni mwembamba kama uzi. Halafu upepo ukaupanua, ukatandaza oili juu ya bawa mpaka bati likawa linang'aa. Najua ni wapi inavuja, nimeifungua ile injini kwa mikono yangu, najua hata saizi ya spana. Nimekaa mita tatu kutoka kwenye ile bolti na siwezi kuigusa. Kazi yangu ikawa kumwambia kapteni namba kwenye saa ya oili kila zinaposhuka, mpaka akaamua kuizima tukarudi na moja. Siku hiyo ndiyo niliwaelewa wale watu wawili kwenye picha yako. Baridi iliwatesa, kelele iliwaua masikio, lakini bolti yao waliifikia.

Propela za nyuma zisikutishe. Cessna 337 ina moja mbele na moja nyuma, na hadi leo inajulikana kwa ile ya nyuma kupata joto ikiwa imesimama ardhini. Hizo Maybach zilipozwa kwa maji, kwa hiyo kwenye modeli yako usisahau rejeta, zichonge ziwe wazi kwenye upepo. Chonga propela mbili za nyuma, chonga vibanda, na chonga vichwa.

Nyakinyua_Digital aliandika:

Samahani mzee, nimesoma yote, umeandika vizuri. Lakini hii ni ndege ya kuua watu. Wakati hao mafundi wako wanakaza bolti huko Ulaya, babu zetu walikuwa wanabeba mizigo ya vita hivyo hivyo kichwani hapa kwetu, wanakufa na kuhara damu na njaa, na hakuna aliyewachonga modeli. Nikipita Kariokor, mtaa uliopata jina kwa hao wachukuzi wa Carrier Corps, nawaza hivyo kila mara. Mteja angeomba mchukuzi mwenye mzigo ningemwelewa.

MwalimuHistoria_Buruburu aliandika:

Dada, kuna sanamu yake Kenyatta Avenue: mchukuzi amesimama pamoja na askari, shaba kabisa, tangu miaka ya ishirini. Watu wanamkwepa wakivuka barabara. Ila hoja yako naipokea.

Na niongeze kwamba hii hadithi ya Zeppelin ilikuja karibu na kwetu kuliko watu wanavyojua. Novemba 1917 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa meli ya angani L 59, ikatumwa kutoka Jamboli, Bulgaria, kumpelekea von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, dawa, risasi na vitu vingine, kama tani kumi na tano. Yeye wakati huo anakimbizwa kusini kwa Tanganyika. Mpango wenyewe ni wa ajabu: meli haikutarajiwa kurudi, maana huku hakuna gesi ya kuijaza. Ikifika ifumuliwe, kitambaa cha nje kiwe mahema na nguo, cha ndani kiwe bendeji. Nahodha alikuwa Ludwig Bockholt. Walivuka Misri, wakaingia Sudan, wakafika magharibi ya Khartoum, ndipo wakapata amri kwa redio warudi. Wakageuka. Walikaa angani saa 95, wakaenda kilomita 6,757 bila kutua. Mafundi wake nao walikuwa wanahudumia injini njia nzima, kwa hiyo Mzee wa Wilson hapo nadhani anafurahi.

Kwa ndege zenye mabawa, huku kwetu tulikuwa na vitu vidogo tu. Mwaka 1916 Waingereza walileta kikosi namba 26, wengi wao kutoka Afrika Kusini, wakaweka uwanja Mbuyuni, kwenye njia ya kutoka Voi kwenda Taveta. Ndege zao B.E.2c zilikuwa na injini moja ya nguvu za farasi 90. Mwaka mmoja kabla, ndege za jeshi la majini la Uingereza ndizo zilizoitafuta meli ya vita Königsberg ilipojificha kwenye matawi ya mto Rufiji, na ndizo zilizoelekeza mizinga siku ilipomalizwa, Julai 1915. Joto na unyevu wa Rufiji uliziachanisha gundi zile ndege za mbao kabla hata adui hajazigusa. Seremala atanielewa hapo.

MstaafuWilson aliandika:

Nyakinyua, sikupingi. Ni ndege ya mabomu na sitaificha chini ya meza. Ndugu zake wadogo, R.VI, zilianza kuipiga London Septemba 1917. Usiku wa tarehe 16 Februari 1918 moja yao ilidondosha bomu moja la kilo 1,000 likaangukia Chelsea, kwenye makao ya wanajeshi wazee, likaua watu watano wa nyumba moja, wakiwemo watoto. Na hakuna hata moja ya zile kubwa iliyoangushwa na Waingereza juu ya nchi yao. Hayo ni matokeo ya ule ufundi ninaousifu, na mimi nayasema yote mawili kwa pumzi moja kwa sababu yalitoka kibanda kimoja.

Na VGO.I yenyewe haikuwaacha salama walioiunda. Baada ya vita vya mashariki waliirudisha tena kiwandani, safari hii Staaken karibu na Berlin, wakaiwekea injini tano za Maybach mpya, Mb.IV. Hii Mb.IV kwa wanaopenda injini ni kitu kizuri: iliundwa kwa ajili ya hewa nyembamba, mgandamizo wake mkubwa kiasi kwamba rubani hakuruhusiwa kuifungua yote akiwa chini, anasubiri mpaka apande. Hiyo ndiyo ningeitaka Wilson. Basi tarehe 10 Machi 1917, kwenye safari ya majaribio, ikaanguka pale pale Staaken. Gustav Klein alikuwa ndani, yule mtu wa Bosch. Hans Vollmöller, rubani, alikuwa ndani. Wote wawili wakafa. Mzee Zeppelin mwenyewe alikuwa amefariki siku mbili kabla, tarehe 8, kwa hiyo hakuisikia habari hiyo.

SeremalaWaNgongRoad aliandika:

Wazee, mwalimu, dada, asanteni. Nimemsomea kijana wangu yote, sasa amenyamaza kuhusu kompyuta. Ile ya gundi kuachia Rufiji tumecheka, maana mwaka wa mvua nyingi nilirudishiwa viti sita vya mteja wa Kilifi.

Mzee wa Wilson, nina maswali ya mwisho kisha nisikusumbue. Mteja amenitumia picha nyingine leo, anasema ni ndege ile ile. Lakini hii ya pili haina propela puani, na chini ina magurudumu mengi sana, nimehesabu 18. Kila kibanda kina propela mbele na nyuma. Pia nataka kujua rangi. Anasema nimpake vile vipande vya rangi nyingi vya pembe nyingi, kama kitenge. Na hizi nyaya zote kati ya mabawa, nitumie nini? Waya wa kufungia vyuma ukipinda haunyooki tena.

MstaafuWilson aliandika:

Hiyo ya pili si yake, ni R.VI. Magurudumu 18 ndiyo alama yake, mawili puani na mengine chini ya vibanda. Ilikuwa na injini nne, mbili kila upande, moja inavuta na moja inasukuma, na fundi amekaa katikati ya hizo mbili, joto mbele joto nyuma. Pua ikabaki wazi. Ziliundwa 18 tu, ikiwa ndiyo nyingi kuliko zote za ukoo huo. Ndani walikuwa watu saba hivi, mmoja wao kazi yake ni mafuta peke yake, anahamisha petroli kutoka tangi hadi tangi ili ndege isilemee upande mmoja. Rubani alikuwa akiongea na mafundi kwa saa za ishara kama za kwenye meli, maana kwa ile kelele hata ukipiga kelele ni kazi bure. Mwambie mteja achague: akitaka ya kwanza, fuata picha ya kwanza, propela tatu. Akitaka zote mbili, mpe bei ya zote mbili.

Katikati ya hizo kuna VGO.III, ukikutana na picha yake utaichanganya, kwa nje zinafanana sana na hii yako. Waliachana na zile Maybach HS wakaweka Mercedes sita za nguvu za farasi 160, mbili mbili kwa kila propela. Kwa modeli ya kwanza hiyo haikuhusu.

Rangi: kataa kitenge. Vile vipande vya pembe nyingi ni vya baadaye. Hii yako ya 1915 ni rangi ya kitambaa chenyewe cha kitani kilichokazwa kwa dawa, manjano ya kufifia, na misalaba myeusi. Mimi ningeiacha saiprasi na vanishi yake ya kung'aa kidogo tu. Inakaribia sana.

Nguzo za mabawa: pasua mianzi ya mishikaki, ipige msasa iwe bapa, usiache mviringo, maana nguzo za kweli zilikuwa bapa kwa upepo. Nyaya: nailoni ya kuvulia samaki, ile nyembamba kabisa. Toboa bawa la juu na la chini, pitisha uzi mmoja mrefu bila kukata, vuta, tia tone la gundi kwenye kila tundu, kata mwishoni. Ikilegea, pitisha kijiti cha ubani kinachowaka mbali kidogo, itajikaza. Kabla hujavuta hata uzi mmoja, funga mabawa yote mawili kwenye ubao ulionyooka kwa klampu. Ukivuta upande mmoja kwanza bawa litapinda, na kwa sentimita 84 litapinda kweli.

Vichwa viwili vichonge kwa mti mweusi kidogo, wenye kofia za ngozi. Mmoja mgeuze uso kwenye injini, asitazame mbele. Hao watu hawakuwa wakitazama mbele.

Kaka_SouthB aliandika:

Sawa, nimekubali si makondakta. Seremala ukimaliza weka picha hapa. Na mteja akikataa kulipa salio, mimi nina kabati.